Kuku Walikuwa Wangu

Ruponda, Nachingwea

Mdogo wangu Mwanne,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Chunyu, Ruangwa, wewe, shemeji Isihaka na watoto. Sisi hatujambo, mikorosho imeanza kutoa maua na goti langu limepoa.

Shangazi Hajra ametoka hospitali juzi, baada ya siku kumi na tisa. Homa na kuharisha vilimwanza, unakumbuka, siku moja baada ya karamu ya kijana wetu Anuari kutoka jandoni. Dawa ya kwanza haikumsaidia, wala ya pili. Ya tatu ndiyo iliyomwinua.

Nikueleze taratibu, kama darasani. Ukiwapa kuku dawa ya kuua vijidudu kidogo kidogo kila siku, vijidudu dhaifu tumboni mwao hufa, vilivyo sugu hubaki na kuzaana. Kuku huyo akikatwa kwenye ubao, kisha kachumbari ikakatiwa hapohapo, vinamwingia mlaji, na dawa ya aina ile haiviwezi tena.

Siku ya karamu wewe ulileta kuku thelathini, mimi ishirini. Akina mama jikoni waliwapapasa wako wakasema hawa ndio kuku. Kuhusu wangu, waliuliza kama wamefunga Ramadhani. Nilicheka nao, lakini niliumia. Nilikuwa nimeumia mwaka mzima: mimi niliyekufundisha kusoma, watu wanapita mlangoni kwangu kwenda kununua kwako Ruangwa!

Kwa hiyo nilikuwa natia dawa kwenye maji ya kuku wazima, kila siku, nikitaka wanenepe wawafikie wako. Bwana mifugo alinionya nisichinje mpaka siku za dawa kutoka mwilini mwao ziishe. Nilichinja.

Shangazi alipougua, ilisemwa kwamba kuku wa Mwanne wamenenepeshwa kwa dawa, na wateja wako wakakukimbia. Neno hilo, mdogo wangu, nililianzisha mimi, palepale jikoni siku ya karamu. Jana bwana mifugo ameniletea majibu ya vipimo alivyochukua kwenye mabanda yetu mawili. Vijidudu sugu vimekutwa kwangu. Kwako havipo.

Nilimwendea shangazi, nikamweleza yote. Akasema, “Mwalimu mzima. Si ungemwomba akufundishe?”

Ijumaa baada ya swala nitawaambia watu wa hapa, na Jumamosi nitakuja kuwaambia wa Chunyu. Usinisamehe kabla hawajasikia.

Msalimie shemeji, na watoto wote wape salamu za mjomba wao.

Ni mimi kaka yako niliyekuonea wivu,

Harithi