Chumba cha Chini

2 Februari

Pacha wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini wewe, mama yako na cherehani zako wote mko wazima. Mimi sijambo. Mgongo una siku zake, lakini mikono imekuwa ya bondia kwa kusukuma magurudumu.

Nimeamua. Mwezi wa tatu nafunga kibanda changu cha kutengeneza simu, napanda treni, nakuja. Tangu ile ajali nimekuwa nikiwaambia "safari hii bado", na ninyi mmekuwa mkinivumilia. Mwite Mwewe, mwite na Kadogo, tukae wote wanne kama enzi za chuo, tuchekane tulivyozeeka.

Ila nisikufiche: nyumba yako ina ngazi, nakumbuka. Kama hakuna pa kulala chini, niambie tu, nitatafuta nyumba ya wageni jirani. Sitanuna. Sitaki mtu ahangaike kwa ajili yangu, na hili nalisema kwa dhati, si kwa adabu.

Ni mimi, mwenzako wa kitanda cha juu bwenini, ambaye sasa nimeshushwa cheo,

Pacha wako wa Juu

11 Februari

Pacha wa Juu,

Huku hatujambo. Mama yupo, anasumbuliwa na presha na mimi, sijui nani zaidi. Barua yako niliisoma nikiwa kwenye cherehani, mteja akadhani nimefiwa. Kumbe machozi ya furaha.

Nyumba ya wageni ifute kabisa kichwani. Ulale kwa watu na mimi nina nyumba? Kipo chumba cha chini, kikubwa, na choo kiko mlango wa pili. Mlango nimeupima kwa futi ya kupimia nguo, kiti kinapita. Seremala ameshaweka ubao kwenye kizingiti. Mwewe ameomba ruhusa kazini, na Kadogo anasema atakuja hata kama mumewe atalala njaa.

Usiniletee maswali mengi. Wewe njoo.

Pacha wako wa Chini

9 Machi

Pacha wangu,

Nimefika nyumbani kwangu salama. Kwenye treni walitaka kukitupa kiti changu kwenye behewa la mizigo pamoja na magunia ya vitunguu. Nikawaambia basi na mimi nipakieni huko huko, ikapatikana nafasi. Siku nyingine ningekusimulia vizuri ucheke.

Mama anaendeleaje? Niandikie ukweli, usinipambie.

Bado nasikia ule mshindo wa ngazini. Kulikuwa ndiyo kwanza kunapambazuka. Kiti changu kilikuwa mbali, mlangoni, pale ulipokisogeza ukikunja nguo. Nikajiangusha kutoka kitandani, nikajiburuta kwa viwiko mpaka kwenye ngazi. Mama alikuwa amelala ubavu, mguu umekunjika vibaya. Akanitazama pale sakafuni, akasema, "Na wewe umeanguka, mwanangu?"

Nikamwambia, "Hapana, mama. Nimekuja."

Nikakilaza kichwa chake kwenye mkono wangu mpaka mliposhuka.

Alikuwa anafuata dawa zake za presha. Zilikuwa kwenye droo, karibu na mto niliolalia. Aliniambia kwamba alisahau kuzichukua humo jana yake jioni, akaona aibu kunigongea mlango.

Pacha, kuna jambo hukulijua. Mimi nilijua ni chumba chake. Siku niliyofika tu niliona mtandio wake umening'inia nyuma ya mlango, na shuka zako mpya hazikuweza kuficha harufu ya dawa ya kuchua. Nikajua nimepewa kitanda cha mama wa watu. Nikanyamaza. Nilikuwa nimechoka, kitanda kilikuwa kizuri, Mwewe alikuwa anamwigiza matroni wetu na mimi nilikuwa sina mbavu kwa kucheka. Nilitaka mara moja tu niwe mgeni wa kawaida, asiye na maswali wala masharti. Ningeuliza neno moja, mama angekuwa mzima leo.

Sina uso wa kuja tena kwako.

Pacha wako

18 Machi

Pacha wa Juu,

Salamu zako zimefika. Ukweli uliouomba ni huu: mfupa wa nyonga ulivunjika. Wameshampasua, na daktari anasema imekwenda vizuri, ila kwa umri wake kutembea tena ni majaliwa.

Unajisuta kwa kunyamaza. Na mimi niliyesema je? Mama nilimwambia tu, "Utalala juu siku chache." Sikumuuliza. Akasema ngazi zinamuumiza magoti. Nikamjibu, "Mama, mgeni mwenyewe ni mlemavu," kana kwamba magoti yake yeye ni ya chuma. Akachukua mto wake akapanda. Na wewe nilikuficha makusudi, kwa sababu nilijua ungekataa. Nilitaka sana usije ukasema nyumba yangu imekushinda.

Nijibu, tafadhali. Hata mstari mmoja.

Pacha wako wa Chini

21 Aprili

Pacha,

Hujambo? Nauliza tu, maana hujibu barua, na nikipiga simu inaita mpaka inakata.

Mama amerudi nyumbani, yuko chumbani kwake. Hospitali imetupa kiti cha magurudumu lakini hataki hata kukigusa. Analala ameelekea ukutani. Na mimi haongei, labda chumvi ikizidi kwenye chakula. Jirani aliposema ajali haina mwenyewe, mama akamjibu, "Hii inaye. Yuko jikoni."

Anakuulizia wewe. "Yule aliyejiburuta yuko wapi?" Namwambia una kazi nyingi. Kwa hiyo sasa namdanganya tena.

Mwewe na Kadogo wanakuja kila Jumapili. Tunakaa, tunanong'ona kama tuko wodini, wanaondoka.

Pacha wako wa Chini

19 Mei

Pacha wangu wa Chini,

Nakusalimu kwa aibu. Mama nisalimie ukiona anapokea.

Barua zako zote nilizisoma siku zilipofika. Sikukasirika. Nilikuwa najisuta tu, na kujisuta ni kazi inayomaliza siku nzima, jioni unajiona umefanya jambo la maana kumbe hujafanya kitu. Uliposema ameelekea ukutani, nikaukumbuka ukuta wangu mimi. Niliutazama miezi, na kila aliyeingia alinihurumia, asitokee hata mmoja wa kunionyesha jinsi ya kuhama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti bila kubebwa kama gunia. Mimi najua, nimekaa kimya, na mama yuko hivyo. Hilo ni kosa la pili, nalo halina ajali ya kusingizia.

Sitakuambia si kosa lako, na wewe usiniambie si langu. Tungeishia kubembelezana wakati aliyeumia ni mwingine.

Kwa sasa, tazama kwenye kiti chake sehemu ya kuwekea miguu. Pengine iko juu mno, na ikiwa hivyo, siku akikikalia kitamchoma nyonga. Ilegeze, ishushe. Wala usimsukume bila kumwambia kwanza. Huwezi kujua inavyotisha.

Ningependa kuja nikae naye. Nitalala kwenye godoro sakafuni, kitanda ni chake. Lakini safari hii usimpangie. Muulize. Na kabla hujamuuliza, mwambie kwamba nilijua kilikuwa chumba chake. Akinikataa nitaelewa.

Pacha wako wa Juu

30 Mei

Pacha,

Salamu. Mimi mzima, mama hivyo hivyo. Sehemu ya miguu nimeishusha.

Nimemsomea barua yako yote, hata pale uliposema ulijua. Sikuruka neno. Alisikiliza ameelekea ukutani. Nilipomaliza, nikamuuliza kama angependa uje.

Chai yake ikapoa bila kuguswa. Kisha akajigeuza taratibu, mwenyewe, akanitazama.

"Unaniuliza kweli," akasema, "au umeshaamua?"

Nikasema, "Nakuuliza, mama."

"Basi nitafikiria."

Usikate tiketi bado.

Pacha wako wa Chini