Karafuu za Kaa

Jumapili, 12 Januari

Kahawa. Makala ya tatu mwezi huu, yote ya hasira. Nimewashambulia wazazi wa hapa Bawshar, Maskati, wanaozungumza na watoto wao Kiingereza madukani, Kiswahili wakakibakiza kwa kumfokea mtumishi. Nimesema Kiswahili chetu, sisi watu wa Maskati wenye asili ya Unguja, kinauawa na wenyewe. Mhariri ameomba nipunguze makali. Nimekataa.

Kisha kwa Shangazi Zuwena na kinasa sauti. Ndiye wa mwisho katika ukoo anayezijua hadithi alizosimuliwa na bibi yake Unguja. Mwisho wa mwezi mwanawe anamhamishia Abu Dhabi. Zimebaki chini ya wiki tatu.

Ameanza ile ya kaa aliyekwenda kuposa. Kaa kabeba gunia la karafuu liwe mahari. Nikamkatiza. Nikamwambia hadithi hii ni kongwe kuliko karafuu, karafuu zimefika Unguja juzi tu, karne ya kumi na tisa. Nilikuwa sahihi.

Akavuta kanga yake begani.

"Basi simulia wewe, bwana mkubwa. Mie nshachoka."

Nimezima mashine.

Jumanne, 14 Januari

Nimepiga simu. Amepokea Mercy, Mkenya anayemhudumia Shangazi.

"Mzee, amesema nikuambie amelala." Kisha kwa kunong'ona: "Lakini hajalala."

Nina miaka hamsini na mitatu. Si mzee.

Nimesikiliza rekodi zangu zote, kumi na moja. Aibu. Katika kila moja sauti yangu ni kubwa kuliko yake. Namsahihisha majina, miaka, hata njia ya kutoka Malindi kwenda Mkunazini, Unguja mjini. Njia hiyo yeye kaitembea utotoni. Mimi nimezaliwa hapa, nimeiona kwenye ramani.

Alhamisi, 16 Januari

Mjadala wa lugha zinazokufa, ukumbini, mtaa wa Khuwair ya Kusini. Nilipewa dakika ishirini, kwa Kiingereza, nimechukua arubaini. Nimezitaja lugha moja moja kama hakimu asomaye mashtaka. Nikafika kwa Wamaliseet, wenyeji wa asili wa kule Kanada inakopakana na Amerika, wa ukoo wa lugha za Algonquian. Nikasema wamebakiwa na wazee wachache na kanda za sauti. Hao, nikasema, wamekwisha. Makofi.

Mwanamke mmoja safu ya nyuma akanyanyua mkono. Anaitwa Marlene, anasomesha Kiingereza chuoni. Akasema yeye ni Mmaliseet, na kama amekwisha angependa kujua ni nani aliyezunguka nusu saa nje akitafuta pa kuegesha gari.

Ukumbi mzima umecheka. Ilinibidi nami nicheke.

Halafu akauliza: "Na wewe, ukitoka hapa, hicho Kiswahili unazungumza na nani?"

Nimejibu kwa maneno mengi. Sikujibu. Wanangu nawaandikia Kiarabu na Kiingereza.

Ijumaa, 17 Januari

Hasira mchana kutwa. Nimeandika makala ya kumjibu mara mbili, nimeifuta mara mbili. Shangazi bado "amelala".

Jumatatu, 20 Januari

Nimemtafuta Marlene. Tumekaa mgahawani karibu na chuo chake. Nilikwenda na hoja nne. Hakuzitaka. Amenipa simu yake nisikilize.

Sauti ya bibi yake, imerekodiwa zamani na mtafiti mmoja. Sikuelewa neno. Lakini nimesikia kitu: kila baada ya sentensi mbili tatu bibi anasimama. Kimya. Kisha anaendelea.

Amenieleza. Nyumbani kwao msikilizaji huitikia, neno fupi tu, ili msimulizi ajue yupo na mtu. Mtafiti alinyamaza ili kanda iwe safi. Bibi anangoja, hakuna kitu. Anangoja tena. Vituo vinazidi kuwa vifupi, na mwisho anaifunga hadithi haraka haraka kama mtu anayefunga duka.

Marlene anajifunza lugha yake kwa kanda hiyo. Kila bibi anaposimama, yeye anaitikia. Ameitikia pale pale, kwa sauti, wahudumu wakigeuka.

"Nimechelewa miaka arubaini," amesema. "Lakini naitikia."

Akaniambia pia kwamba kwao, kama kwetu, hakuna neno moja la kumtajia mwanamume na jingine la mwanamke, kama "he" na "she" za Kiingereza. Yeye ni yeye. Nilikuwa nimelisoma hilo. Sikusema kwamba nimelisoma. Nimekunywa chai.

Yule mtafiti alinyamaza, mimi nimepayuka. Wanawake wawili, wala mmoja hakuitikiwa.

Jumatano, 22 Januari

Nimekwenda kwa Shangazi bila kupiga simu. Nilitoa gari gereji Wadi Kabir nikaendesha moja kwa moja, nisipate nafasi ya kughairi.

Shikamoo. Marahaba, lakini ya mbali. Nimemwomba radhi.

"Umekuja kunisomesha?"

"Nimekuja kuitikia."

Kanikazia macho. Kisha, ghafla: "Paukwa."

Nimefungua mdomo. Hakuna mtu aliyenitolea neno hilo tangu utotoni. Nikalitafuta jibu, na kabla sijalipata likatoka jikoni.

"Pakawa!"

"Sahani," kasema Shangazi.

"Ya mchele."

"Giza."

"La mwizi."

Mercy kafundishwa hayo darasa la tatu, Machakos. Nimewahi kuandika makala mbili nikisema Kiswahili cha Wakenya ni mabati yanayogongana.

Shangazi kacheka mpaka kajifuta machozi. "Mtoto wa Machakos anajua. Wewe msomi, mjukuu wa Waunguja, unanikodolea macho." Kisha: "Nnakungoja Ijumaa baada ya alasiri. Na yeye akae."

Ijumaa, 24 Januari

Kinasa sauti mezani. Halwa, kahawa. Sisi watatu.

Paukwa. Pakawa. Safari hii tumejibu wawili.

Kaa katoka pangoni kwenda kuposa. Kabeba gunia la karafuu. Shangazi akasimama hapo, akanitazama.

"Naam," nikasema.

Kaa akapanda teksi hapa Ruwi.

"Naam."

Kaa akashuka Sohar kwenye kituo cha mafuta, akaagiza chai ya karak, ile ya maziwa na iliki, sukari kidogo, ana kisukari. Mercy mabega yanamcheza kwa kicheko. Ulimi unaniwasha. Nikatia kipande cha halwa mdomoni.

"Naam, Shangazi."

Aliporidhika, akamrudisha kaa Unguja ufukweni na kuisimulia hadithi kama alivyopewa. Sikuwa nimewahi kuusikia mwisho wake. Nilikuwa namkatiza kabla hajafika. Kaa anafika kwa kina mchumba, anaingia uani ubavu ubavu. Wajomba wanacheka, wanasema posa haiji kwa ubavu. Bibi harusi anainuka mkekani, anakwenda kumpokea. Naye anakwenda kwa ubavu.

Dakika hamsini. Yangu humo ni "naam" tu.

Jumapili, 2 Februari

Wameondoka juzi. Mercy amekwenda na Shangazi. Sanduku moja, mito miwili, mbuzi ya kukunia nazi ambayo mwanawe alisema haina haja na mwenyewe akaibeba mapajani.

Sijaandika makala. Mhariri ameuliza kama naumwa.

Marlene nimempelekea rekodi. Amesikiliza yote, haelewi neno. Ameuliza yule mwanamume anayeitikia ni nani. Nimemwambia.

Saa kumi na moja jioni ujumbe wa sauti kutoka kwa Shangazi. Mercy kamfundisha kubonyeza. Neno moja: paukwa. Kisha kiyoyozi, na yeye akipumua. Hakuachia kidole. Nusu dakika nzima anangoja.

Nimebonyeza. Nimeitikia. Nikaiweka simu mezani, nikangoja.