Majani Matatu ya Baba

Jumatano, 12 Machi 2014. Malaz, Riyadh
Kanzu tisa zimepigwa pasi. Kondoo wawili wa bosi, walio uani, nimewapa barsimu, majani yao. Kila kikonyo kina vijani vitatu. Mwaka mzima nayashika, leo ndiyo nimeyaona. Baba angeyaona siku ya kwanza.

Ijumaa, 14 Machi
Baba alizikwa Januari bila mimi. Pasipoti iko kabatini kwa bosi. Madam alisema mafi safari, hakuna safari.

Padre kutoka Ayalandi ndiye aliyembatiza Baba, akamwita Patrisi, jina la mtakatifu wa kwao. Kila tarehe 17 Machi, siku aliyokufa mtakatifu huyo, Baba alibandika jani la vipande vitatu kwenye koti, kama watu wa huko. Alitusimulia. Mtakatifu Patrisi alitekwa akiwa kijana, akavushwa bahari, akauzwa Ayalandi kuchunga kondoo. Miaka sita. Akatoroka. Baadaye akarudi mwenyewe kuwafundisha, na jani likawa somo la Utatu: vijani vitatu, kikonyo kimoja. Nilimuuliza kwa nini mtakatifu alirudi. Baba alicheka tu, akanifunga vifungo vya sweta.

Jumatatu, 17 Machi
Nimechuma moja. Hapa siwezi kulivaa nje. Nimelifungia kwenye kitambaa, uzi wa kijani, mafundo matatu, nikakibana kwa pini ndani ya gauni. Kutwa nzima nilikuwa na Baba.

Jumanne, 18 Machi
Pini ilifunguka, kitambaa kikaanguka nikitandika kitanda cha Lulu, binti ya madam. Mtoto ana homa. Madam aliona yale mafundo akapiga kelele: sihri! Uchawi. Kumbe hapa uzi wa mafundo ni kazi ya wachawi. Sikujua. Nikasema ni cha baba yangu aliyekufa. Nikaharibu zaidi.

Simu wamechukua.

Jumatano, 19 Machi
Homa haishuki. Ikipanda, bosi ataita polisi. Nimesikia hapa mchawi hukatwa kichwa. Naogopa.

Juma, dereva wetu, mtu wa Mombasa, ameitwa kutafsiri. Kabla hatujaingia kwa bosi, alininong'oneza mlangoni.
"Dada Vero, mtakatifu usimtaje. Wala marehemu. Ni chakula cha kondoo, basi."
"Nani hufunga chakula cha kondoo kwenye kitambaa?"
"Mkamba. Shukuru hawajui sifa zenu za uchawi."
Hakucheka. Mimi nilikaribia kucheka. Mbele ya bosi nikasema hivyo hivyo: chakula cha kondoo.

Alhamisi, 20 Machi
Lulu amepoa. Hakuna anayenitazama. Madam hataki nilale tena hapa. Kesho bosi ananipeleka Jeddah kwa mama yake, anayejua kufungua mafundo. Akikuta uchawi, ni polisi.

Jumamosi, 22 Machi. Jeddah
Bibi alinikalisha jikoni, bosi kasimama mlangoni. Akasoma Kurani juu ya beseni la maji. Akachukua kile kitambaa, akafungua fundo la kwanza, la pili, la tatu. Vidole vyake vinatetemeka kama vya Baba. Jani lilianguka majini, kavu. Taratibu likajikunjua.

Alilitazama sana.
"Barsim," alisema. Kisha kwa mwanawe: "Halas, yamekwisha. Abaki kwangu."

Bosi ameondoka. Pasipoti yangu amekwenda nayo.

Maji nimemwaga. Beseni nimeliosha. Patrisi alikaa miaka sita. Mimi nimemaliza mmoja.