Landrova Yetu na Mtani wa Kisarawe

S.L.P. 214,
Cheyo, Tabora.
6 Aprili, 1971.

Mpendwa Dada Kuluthumu,

Shikamoo dada yangu. Habari za huko Muheza? Shemeji hajambo? Kile kikohozi cha mwanangu Shaban kimepoa? Sisi huku tu wazima, mvua inanyesha vizuri, na mimi nina furaha mpaka naona haya kuiandika. Naiandika hata hivyo.

Nimeolewa! Najua unajua, maana ushungi niliovaa uliutuma wewe. Lakini hii ndiyo barua yangu ya kwanza nikiwa mke wa mtu, niache niseme. Lukumani wangu akiingia ndani ananukia asali na mafuta ya gari, na sasa sitaki marashi mengine duniani. Asubuhi hunikorogea uji yeye mwenyewe, kisha ananitazama ninavyokunywa kama msimamizi wa mtihani. Wenzangu niliosoma nao wananicheka. Wacheke!

Uliuliza kama ni kweli nilitoka kwa baba kwenda kwa mume ndani ya mkweche. Ni kweli, na asinihurumie mtu. Ni Landrova iliyokuwa ya Wazungu wa mradi wa karanga kule Urambo. Mradi ulipokufa, marehemu baba mkwe aliikuta imeota majani, akainunua, akaifufua. Turubai lina viraka vya kila rangi. Mlango wa kushoto unafungwa kwa waya. Stata ilikufa zamani, tunaiwasha kwa kuzungusha hendeli mbele. Taa moja inatazama njia, nyingine inatazama nyota. Lakini ikivuta kwa magurudumu yote manne, dada, hakuna tope la mbugani linaloishika. Malori mapya yanalala njiani, yenyewe inapita.

Na ndiyo maisha yetu. Lukumani anabeba asali na nta kutoka kwa warina asali wa porini. Mimi nimekubaliwa kufundisha kisomo cha watu wazima katika kijiji kipya cha ujamaa, mbele ya Igalula. Tunatoka pamoja, ananishusha darasani, anaingia porini, jioni ananipitia. Bila gari hilo yeye atalala huko huko na mimi nitabaki hapa nachambua mchele na mama mkwe. Sikuolewa ili nionane na mume wangu Ijumaa kwa Ijumaa.

Sasa Ba' Mdogo Mfaume, mdogo wa marehemu, yule mwenye duka la vitambaa, akaamua iuzwe. Hakutuuliza. Alisema ukoo unachekwa, msichana wa sekondari anashushwa garini kama gunia la nta. Akataka Lukumani aje dukani kwake kupima marekani kwa yadi. Lukumani amelelewa na Ba' Mdogo, hawezi kumjibu. Akawa anaisugua boneti kwa kitambaa kama anayeosha maiti. Niliona uchungu usiosemeka. Na mimi unanijua, sikuumbwa kunyamaza.

Ijumaa baada ya sala, Ba' Mdogo akaja na mnunuzi, Mzee Twalibu, mfanyabiashara wa mbao za mninga, amevaa kanzu safi na ana tumbo la heshima. Huku Lukumani anatazama, Mzee akaizunguka Landrova mara mbili, akaipiga teke gurudumu.

"Hii ni gari au tundu la kuku?"

"Ya Kizungu hiyo bwana," Ba' Mdogo akasema. "Ukubwa dawa."

Mimi nikaleta kahawa. Nikapiga goti kama bibi harusi mwenye adabu zake, nikaamkia, nikamuuliza mgeni kwao ni wapi.

"Marahaba mwanangu. Kwetu Kisarawe."

Dada, nusura niangushe birika! Ba' Mdogo alikuwa amemuuliza mtu habari ya mfuko wake wote, asimuulize kabila. Tangu babu zetu walipokuwa wakibeba meno ya tembo kutoka hapa hadi Pwani, Mzaramo ni mtani wetu sisi Wanyamwezi, na wewe unajua sheria ya utani. Mtani hakuuzii wala hanunui kwako. Akitamani kitu chako anakinyakua, na ukikasirika umeshindwa, unatozwa na mbuzi juu yake.

Nikasimama wima. Nikapaza sauti hata majirani wa nyuma ya ua wasikie.

"Kumbe Mzaramo! Ba' Mdogo, mbona hukutuambia umeleta mtani? Nyie si ndio mliowauzia babu zetu maji ya kisima, mkawadai na ya kunawa?"

Mama mkwe akashika mdomo. Ba' Mdogo akanitolea macho. Mzee Twalibu akaweka kikombe chini, uso wote umechanua.

"Wanyamwezi! Nimo kwa Wanyamwezi na hamsemi! Mlikuja Pwani mmebeba, na mpaka leo mnabeba. Huyu bwana'ko mwenyewe, gari halimbebi, yeye ndiye anayelibeba gari!"

"Bora abebe gari kuliko kubeba tumbo lako!"

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akapandisha kanzu, akapanda, akakaa kwenye usukani, akanyoosha mkono na kumvua Ba' Mdogo kofia yake ya hariri, akaivaa. "Basi bei imekwisha. Leteni hendeli, naondoka nayo."

Ba' Mdogo akacheka. Akatazama, akaona mzee hashuki. Akacheka tena, kidogo zaidi. Akasema, "Lakini bwana, tulishaelewana," na jasho linamtoka, maana kukasirika hawezi.

Bibi Siwema, bibi yake Lukumani, ambaye huniita mke mwenzie, akatoa kichwa dirishani. "Mwache achukue, Mfaume! Baba yako alipomnyang'anya Mzaramo mbuzi mzima msibani, alilipa nini? Wewe unayemwita mtani kuja kununua, nani alikutuma?"

Hapo Ba' Mdogo akaruka. "Gari si langu! Haliuzwi! Ni la Lukumani na mkewe, aliliacha marehemu!"

"Sema tena," akasema Bibi, "mimi sikio bovu."

Akasema tena. Majirani wote wakasikia. Mzee Twalibu akashuka taratibu, akamwambia Lukumani amekabidhiwa mbele ya watu, akanywa kahawa yake ikiwa imepoa, akaenda zake. Na kofia akaenda nayo.

Mama mkwe amenisema siku mbili, kwamba bibi harusi hafungui kinywa mbele ya baba mkwe. Nimemsikiliza kwa heshima zote. Kuomba radhi sikuomba, wala sitaomba. Lukumani aliniambia neno moja tu, na hilo silitii kwenye karatasi.

Jana tulipokuwa tunaondoka kwenda Igalula, nani kasimama barabarani? Ba' Mdogo Mfaume, kichwa wazi, mvua inamnyeshea, anaomba tumfikishe stesheni. Tukasogea, akakaa kati yetu na mlango wa kushoto. Lukumani alipotaka kuzunguka kumfungia, akamzuia kwa mkono, akachukua waya, akaufunga mlango mwenyewe, mafundo mawili.

Nisalimie shemeji, Shaban, na Mama Zuhura jirani yako. Bibi Siwema anakusalimu, anasema umtumie nazi. Baba na mama wanakuombea kila sala. Mungu akulinde, akupe kicheko nyumbani mwako kama alivyonipa mimi. Ukija, usihangaike na basi. Tutakupokea stesheni, na utakaa upande wa mlango wa waya, kwa sababu huo ndio upande wa heshima sasa.

Mimi mdogo wako ninayekupenda kwa moyo wote,
Zamda, mke wa Lukumani