Cheche Mpya kwa Landrova ya Jeshi

Mulembe, Baba,

Mgongo unauma, lakini leo nina raha. Hapa gereji Kariobangi mteja ameleta Landrova kuukuu ya jeshi, sawa na ile uliyokuwa ukiendesha. Amechoka na pointi za kurushia cheche zinazogoma kila mvua ikinyesha, kwa hivyo ameagiza kifaa cha elektroniki kirushe cheche badala yake. Amekingojea miezi mitatu kutoka ng'ambo.

Fundi mkuu Njoroge alikuwa karibu kukiunga. Nikakukumbuka umeinama chini ya boneti kule Webuye, ukisugua pointi kwa ubavu wa kiberiti, ukinifundisha kwamba gari hilo chanya ya betri ndiyo hufungwa kwenye bodi, si hasi kama magari ya leo.

"Bosi, ngoja! Ukiunga hivyo kitaungua saa hii."

"Wee, kazi yako ni kuosha injini. Umeme ulisomea wapi?"

"Kwa babangu."

Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Njoroge alifuata waya wa betri kwa kidole mpaka kwenye bodi, akasoma karatasi ya kifaa inayotaka hasi kwenye bodi, akafuta jasho. "Haya, profesa, njoo tugeuze betri."

Tuligeuza betri na dainamo, tukaunga kifaa, Landrova ikawaka mara moja. Mngurumo ni ule ule, Baba. Nilijifanya petroli imeniingia machoni.

Kuanzia Jumatatu sioshi injini tena, nafanya umeme. Mungu aibariki mikono yako, na baridi isikuguse magoti.

Mwanao,
Barasa