Mjomba Eustace, Uzito Ule Haukuwa Kosa Lako

Mwaka mzima umepita sasa, Mjomba, tangu tulipokusindikiza asubuhi ile ya ukungu, na bado wapo wanawake huku juu Mgeta ambao wakisikia hodi uani hufunika sufuria haraka. Wanadhani ni wewe, umekuja kuchungulia wamepika nini.

Shikamoo. Hata ulipokuwa hoi kitandani hukukubali mtu aanze kusema shida zake kabla ya salamu, kwa hiyo na sisi tunaitanguliza kabla ya yetu.

Haya ni maneno ya familia yote, lakini aliyeshika kalamu ni mimi Veronika, mpwa wako, mtoto wa dada yako Martina. Nimeachiwa niandike kwa sababu kuna neno lilisemwa kaburini kwako, na ukweli wake ninao mimi. Mwenyekiti wetu wa kijiji, mzee Mwinjuma, alikusifu vizuri siku ile, kisha akamalizia hivi: "Marehemu alikuwa mtu wa haki, ingawa mara moja undugu ulimshinda, akaandika uzito wa uongo kumficha mtoto wa mpwa wake." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mpwa mwenyewe nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, nimeshika maua, na nikanyamaza. Leo sinyamazi. Lakini kwanza wanaopita na kusoma hapa kwenye ubao wa kijiji wajue ulikuwa mtu wa namna gani.

Ulirudi kijijini mwaka wa tisini, kiwanda ulichokuwa ukifanyia kazi mjini kilipopunguza watu. Ulikuja na godoro, redio na baiskeli. Baiskeli hiyo tuliicheka sana, maana kwenye milima hii ni wewe uliyeibeba, si yenyewe iliyokubeba. Mwaka uliofuata kijiji kikakuchagua uwe mhudumu wa afya, na hapo kicheko kikawa kikubwa zaidi. Mwanamume mzima anaingia jikoni kwa watu, anainua kifuniko, anauliza mtoto amekula nini tangu asubuhi. Gulioni walimwuliza mkeo kama siku hizi wewe ndiye unayempikia. Mama Thobias akajibu, "Anapika vizuri kuliko mumeo anavyolima." Hakuna aliyemwuliza tena.

Kutoka kwenye semina ulileta mizani ya kuning'iniza, kisuruali cha kitambaa cha kumwekea mtoto, daftari, na kadi zenye rangi tatu. Kijani, mtoto yuko salama. Kijivu, angalia. Nyekundu, hatari.

Ulituambia jambo ambalo hatukupenda kulisikia. Sisi ndio tunaolima njegere, karoti na kabichi, malori yanapanda mpaka huku kuzifuata, na watoto wetu wanashinda na chai. "Mnailisha Kariakoo," ulikuwa ukisema, "nyumbani mnanywesha watoto maji ya sukari." Ilikuwa kweli. Biashara ilikuwa imefunguliwa, maduka yaliyokuwa matupu miaka yote yamejaa biskuti, soda na majarini, na mtu aliyeshuka kwenye lori bila pakiti ya biskuti alionekana bahili. Njegere ilikuwa ya kuuza. Mnavu ulioota pembeni ya nyumba ulikuwa chakula cha walioshindwa maisha. Wewe ulikuwa unauchuma huo huo mnavu uani kwa mtu, unamkabidhi kwa mikono miwili: "Nimekuletea zawadi kutoka kwako."

Ulisema kila mtoto apewe sahani yake, kwa kuwa kwenye sinia la pamoja mkono wa mdogo ndio unaochelewa. Wazee waliposema mtoto akila mayai atakuwa mwizi, ulisimama katikati ya mkutano ukatoa mifuko ya suruali nje. "Nimekula mayai tangu nina meno. Haya, nipekueni." Na wewe mwenyewe, mwalimu wetu wa chakula, ulikuwa unatia vijiko vinne vya sukari kwenye kikombe kimoja. Tulipokukamata ulisema wewe umeshakua, huna haja ya kadi. Nakukumbuka zaidi ulivyokuwa ukiwaimbia watoto kwenye mizani kwa sauti yako mbaya ile, mpaka wanasahau kulia kwa kushangaa.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Mwaka wa tisini na tatu mwanangu Neema alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Nilikuwa nimeingia kwenye biashara ya mboga, napanda na lori mpaka Dar es Salaam, nashinda sokoni siku tatu au nne. Neema nilimwachia Mama. Nilimwachia pia sukari, biskuti na katoni ya soda, kwa sababu nilitaka mwanangu aishi kama mtoto wa mtu mwenye uwezo. Alikuwa anapungua, Mjomba. Nilimwona. Mikono yake ilikuwa myembamba, na nywele zilikuwa zimekwajuka, zimeanza kuwa nyekundu. Nilijiambia ni meno.

Siku ya kupima ikakaribia. Wakati huo sheria ya kijiji ilikuwa kwamba mtoto akiangukia kwenye nyekundu, jina lake na la mama yake linasomwa mkutanoni. Mimi, mfanyabiashara, mpwa wa mhudumu wa afya, nisomwe mbele ya watu kwamba mwanangu ana njaa? Nilifanya kile ambacho mtu wa soko la mboga anakijua. Tenga la karoti tunalipanga, nzuri juu, mbovu chini. Kabichi tunazimwagia maji kabla ya mizani. Basi nikachukua viazi mviringo vitatu, nikavipima kwenye mizani yangu vikakaribia nusu kilo, nikavifunga kwenye kitambaa kiunoni mwa mwanangu, na juu yake nikamvalisha sweta mbili.

"Veronika, mvue sweta," ulisema.

"Mjomba, mtoto ana kifua. Na manyunyu haya, unataka nimzike?"

Ulinitazama, ukatazama mvua. Hukuwahi kumpima mtoto yeyote akiwa na nguo. "Haya," ukasema. "Jumatatu nakuja kumpima upya nyumbani." Uzito ukaangukia kwenye kijivu cha kadi, ukaandika kijivu. Ulimwimbia na yeye, na nilitaka ardhi inimeze.

Jumatatu ulipofika nyumbani ulinikosa. Nilikuwa nimeshapanda lori na mtoto mgongoni. Nilikaa mjini wiki mbili, na niliporudi miguu yake ilikuwa imevimba na alikuwa hana hata nguvu ya kulia. Ulimbonyeza mguuni kwa kidole, shimo likabaki. Hukuniuliza kitu. Ulimchukua ukamfunga kifuani kwako kwa kanga ya mkeo, tukapanda juu ya kabichi kwenye lori la kwanza.

Njiani, tulipokuwa tunaikaribia Mzumbe na jua limeshachomoza, nilikuambia habari ya viazi. Nilisema yote. Ulimwekea mtoto mkono kichwani, kisha ukasema, "Umeshaniambia mimi. Yatosha. Tumwombee huyu."

Tulikaa hospitali wiki tatu. Wauguzi walidhani wewe ni babu yake, kwa jinsi ulivyokuwa ukimlisha uji wa karanga kijiko kimoja kimoja, ukimeza mate kila anapomeza. Siku aliyokunyang'anya kijiko ulitoka nje, na ulipoingia macho yako yalikuwa mekundu. Ulisema ni vumbi.

Kwenye mkutano wa kijiji uliofuata ulisoma majina kama kawaida. Ulipofika mwisho ukaongeza: "Neema wa Veronika, nyekundu. Kipimo kilichopita nilimwandika kijivu. Sikumpima kama inavyotakiwa, na mtoto nusura afe. Kosa ni la mhudumu." Ukakaa chini. Maneno yakaanza, kwamba umempendelea mpwa wako, kwamba watoto wa wengine wanaanikwa na wa kwenu wanafichwa. Siku hiyo hiyo wakakupokonya mizani na daftari wakampa mwalimu Fidelis. Nilikuwa nimekaa pale, Neema mapajani, nikabaki nimekaa.

Nilikufuata njiani. "Mjomba, kwa nini hukusema?"

"Kwenye lukolo letu, ukoo wa upande wa mama, mpwa akikosea anaulizwa mjomba wake. Huo ndio ukoo, wewe hujui?" Kisha ukanieleza kwa upole kama mtu anayemfundisha mama mgeni. "Ukisimama wewe leo, mwezi ujao nani ataleta mtoto mwembamba apimwe? Watawafungia ndani wote. Lakini mimi nikiwa ndiye mbaya, watabadilisha mtu, na mizani itaendelea kupima. Nenda kampikie mtoto."

Nilikwenda kumpikia. Biashara niliiacha mpaka alipotimiza miaka mitatu, na nilipoirudia Mama alikuwa ameshajua kupika uji wa karanga na mnavu vizuri kuliko wewe. Lakini wewe, Mjomba, ukabaki na lile jina. Ikawa ni msemo huku kwetu: mtu akipendelea wa kwao, wanasema ana mizani ya Eustace. Ulikuwa unausikia. Ulikuwa unacheka na wao. Uliendelea kuzunguka vitongoji bila mizani na bila cheo, na mwalimu Fidelis alipoona kazi inamzidi akakuomba umfuate, ukawa unamshikia daftari uliloliandika mwenyewe. Mizani hukuiomba tena.

Moyo wako ulipoanza kuchoka nilikaa karibu na kitanda nikakuomba ruhusa niseme. Ukakataa. "Subiri kwanza mtoto aanze shule, wasije wakamwita mtoto wa viazi." Neno hilo nilijificha nyuma yake mwaka mzima. Neema ameanza darasa la kwanza tangu Januari, na bado nilikuwa nimekaa. Ukweli ni kwamba sikuwa namlinda yeye. Nilikuwa naona aibu, na niliuona uzito wa jina lako mwepesi kwa sababu ulikuwa unaubeba wewe.

Mwezi uliopita nilisimama mkutanoni. Nilimwomba mzee Mwinjuma nafasi kabla ya mengineyo, nikasema kama nilivyoandika hapa, viazi vitatu, kitambaa, sweta mbili, kifua cha uongo. Mama alijifunika uso kwa kanga. Mzee Mwinjuma alivua kofia yake akaishika mkononi. Akasema, "Basi mimi nimemsema vibaya maiti. Nakuombeni radhi, watu wa Eustace." Alikuja kaburini siku iliyofuata, mwenyewe, akang'oa magugu. Tumemsamehe, na tunajua wewe ulishamsamehe zamani.

Nilirudi nyumbani nikijua kwamba sasa nitachekwa mimi, na kwamba ulichokiogopa kitatokea, mizani itakosa watu. Nikangoja.

Wiki ile ile alikuja mwanamke mmoja wa kitongoji cha chini. Jina lake sisemi. Alikaa jikoni kwangu, akazungumza habari za mvua na mbolea, kisha akasema yeye alitumia jiwe. Alilifunga kwenye nepi, miaka ile ile, wewe ndiye uliyekuwa unapima. Mwanawe alipona kwa bahati. Alikuwa hajamwambia hata mumewe.

Siku ya pili akaja mwingine, msichana tu, ameolewa juzi, na mtoto mgongoni amefungwa kanga mbili na kofia ya sufu. Huyu hakuzungumza habari za mvua. Alisimama mlangoni akaniuliza kama mwalimu Fidelis anaweza kuja kumpima mtoto hapa kwangu, bila watu. Fidelis alikuja na mizani. Yule msichana akamvua mwanawe mwenyewe, kila kitu, mpaka akabaki kama alivyozaliwa. Uzito uliangukia kwenye nyekundu. Hakuna jina lililosomwa mahali popote. Tulibandika sufuria, na mtoto anakuja kula kwangu kila siku mpaka leo.

Kwa hiyo, Mjomba, mara moja kweli ulikosea, na si pale walipokusema. Ulidhani aibu yangu ingewafungia ndani. Ulitubebea miaka mitano mzigo ambao tungeweza kuubeba, na hatukuwahi kukuambia asante ungali unasikia. Asante. Nakupenda, na nisamehe.

Unakumbukwa na mkeo Paskalia, mama Thobias, mwanao Thobias aliyeko Ngerengere na mkewe Shadia, dada yako Martina, wapwa zako Veronika na Yeremia, mwalimu Fidelis, na mjukuu wako Neema, aliye hai.

Hatujakusahau hata siku moja, na hatutakusahau.