Pikapu Chini ya Kitanda cha Moto

Jumatatu, 6 Januari

Bado nalalia moto, desturi ya kila mzazi hapa kwetu. Mgongo umeiva! Kitanda cha mianzi, jiko la makaa chini yake, na Mama Bouaphan, mama mkwe wangu, kaketi na kipepeo kama askari jela. Chakula ni wali wa kunata na chumvi, kesho chumvi na wali wa kunata. Mtoto mzima, ananyonya. Tunamwita Kop — chura — ili mizimu isimtamani.

Mume wangu Phouvong kaliingiza pikapu chini ya nyumba, katikati ya nguzo, eti baridi ya milimani inaua betri. Pikapu lenyewe kongwe, limetuzidi umri sote wawili. Namsikia kupitia mianya ya sakafu akiitukana geji ya mafuta. Jana kajaza tangi mjini, leo mshale uko nusu. Geji imekufa, anasema.

Mimi nasikia harufu ya petroli.

Jumanne, 7 Januari

Harufu ipo. Nimemwambia Mama. Sikio lake bovu, ikabidi nipige kelele, nyumba tatu zimesikia. Kosa kubwa! Mzazi akiingiwa na harufu ngeni damu inamgeuka — hapa wote wanaamini hivyo, na mimi naamini kidogo. Dawa yake? Moto zaidi. Kaongeza makaa, kanipa birika zima la maji ya mizizi ninywe yakiwa moto.

Cheche moja ikaruka sakafuni, ikapenya kwenye mwanya, ikaenda zake chini. Nikasubiri mlipuko. Hakuna kilichotokea.

Nimemwambia Phouvong naogopa. Kacheka. Gari lolote linanuka petroli, mke wangu, ulitaka linuke yasmini?

Jumatano, 8 Januari

Mshale umeshuka tena, na gari halijaenda popote. Mjomba Sisouk kaja kusaidia. Ana sigara nyuma ya sikio. Haijawashwa — nimechungulia.

Kachomoa waya unaoingia kwenye tangi. Phouvong kwenye usukani: "Mshale umelala! Umeanguka kabisa!" Mjomba kaugusisha waya kwenye bodi ya gari. Nikafumba macho. "Umepanda! Umejaa pomoni!" Wakashangilia wenyewe.

Maana yake, kasema Mjomba, geji nzima, waya mzima. Mgonjwa ni boya, lile linaloelea ndani ya tangi. Watalitoa walione.

Nikauliza kwenye mwanya, kwa nini wasichovye kijiti tu? Shingo ya tangi imepinda, kijiti hakifiki. Lala, mzazi, kasema Mjomba, ufundi tuachie sisi.

Na boya likikutwa zima? Hilo sikuliuliza. Nimeshinda nalo.

Alhamisi, 9 Januari

Mjomba hakuja, ana nguruwe mgonjwa.

Bata hawalali tena kwenye rundo la pumba za mpunga chini ya pikapu. Wamehamia uani, kwenye baridi! Hakuna anayejiuliza. Mimi siwezi kushuka kutazama. Mzazi akishuka ngazi kabla ya moto kwisha, akiugua wanasema kajitakia, na mtoto akiugua ndiyo basi.

Majivu yanadondoka kwenye mianya. Nayatazama yanavyodondoka. Naogopa, naogopa, naogopa.

Ijumaa, 10 Januari

Naandika haraka.

Asubuhi wamelitoa boya. Mjomba anauinua mkono wa boya kwa kidole, Phouvong anatangaza: umepanda, umeshuka, umepanda. Boya zima! Kila kitu kizima! Wakamulika simu kwenye tundu la tangi. Kisha Phouvong: "Mjomba, humu hamna kitu!"

Basi mshale ulikuwa unasema kweli siku zote. Nikashukuru Mungu, sasa wataelewa.

Wapi! "Tumeibiwa!" Phouvong anapiga kelele. "Ni yule jirani Khamtan, pikipiki yake haikosi mafuta!" Nikaita, hayakuibwa, yamevuja, yako kwenye pumba, yako chini yangu! Phouvong, nisikie! Walishatoka mbio, Mjomba na spana mkononi. Tangi wameliacha wazi.

Nikachukua birika la maji ya mizizi nikalimwaga lote kwenye jiko. Moshi, mvuke, Kop analia. Mama kanishika bega: "Mwanangu, umeingiwa na nini? Unataka kufa uniachie chura mchanga?" Nikamwambia petroli, Mama, petroli! "Ndiyo, harufu, najua," kasema, na machozi yanamtoka maskini, "imeshakupanda kichwani. Ngoja." Akashuka kwenda jiko la uani.

Nimekaa juu ya ngazi. Chini ya ngazi pale pale ndipo lilipo tangi. Pumba zimelowa, nyeusi — sasa naziona kwa macho yangu. Kwa Khamtan wanatukanana, sauti inafika hapa. Nimeita hadi koo limekauka.

Mama katoka jikoni. Karai limejaa, jekundu. Namwita, hasikii. Kainama, anayapuliza makaa yasimzimikie njiani.

Kop nimemfunga kifuani. Ngazi baridi. Nashuka —